Saa Niliyoandika Kwenye Fomu

Uholanzi,
Machi 2008

Dada Penina,

Salamu nyingi kwako, ingawa mara ya mwisho hukungoja hata nimalize kukueleza. Ulikata simu nami nikabaki nimeishika sikioni, nikisema "haloo, haloo" peke yangu. Natumaini wewe na shemeji Wilson mko wazima, watoto wamerudi shule, na hapo Salgaa malori yameanza tena kusimama badala ya kupita mbio. Mgongo wako je? Umepata mtu wa kukanda chapati hapo hotelini, au bado unakanda mwenyewe huku ukilalamika? Mimi mwili ni mzima. Baridi imepungua kidogo, siku hizi natoka na sweta mbili tu. Hayo mengine ndiyo nimekaa kukuandikia, kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichoma, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Ulinirushia maneno matatu ya kunilaumu kabla ya kukata. Ulisema nina kiburi. Ulisema vitabu vimeniharibu. Halafu ukasema nimemwacha mama kwenye hema kwa sababu ya wadudu. Hayo mawili ya kwanza nimeyasikia kwako tangu darasa la sita, hayaniumi tena. La tatu limenikaa kifuani mpaka leo, na sitaki likae huko kwako likiwa nusu. Kwa hiyo nitakueleza yote, hata yale ambayo hujawahi kuniuliza.

Maana ukweli ni kwamba hujawahi kuniuliza. Miaka miwili niko huku, na watu wakikuuliza Beki anafanya kazi gani unasema "anapima maji," kana kwamba nimekaa kwenye kisima. Sikiliza. Meli ikishusha mzigo huwa nyepesi, inayumba. Basi inanyonya maji ya bahari tumboni, tani na tani, ili itulie. Ikifika bandari nyingine kupakia, inayamwaga yale maji. Ndani yake mna kila kitu, mayai ya samaki, viluwiluwi vya kaa, magugu, vijidudu vya kuendesha watu tumbo. Vinamwagwa mahali visipojulikana, na vingine vinashika mji. Unakumbuka nilipokuwa mwanafunzi, nikichota maji ya ziwa kule Kamere, wavuvi wakanionyesha gugu lililofunika maji mpaka mtumbwi haupiti? Lile gugu si la Naivasha. Liliingia na watu. Bahari nayo inaingiliwa hivyo hivyo, ila njia yake ni tumbo la meli.

Sasa wenye viwanda wanatengeneza mitambo ya kutia dawa yale maji kabla ya kumwagwa, na sisi kazi yetu ni kuijaribu hiyo mitambo. Kituo chetu kiko ukingoni mwa bandari, na tuna matangi makubwa kuliko nyumba yetu ya Rhonda na ya jirani zikiwekwa pamoja. Tunajaza maji ya bahari, tunapitisha kwenye mtambo, yanakaa siku tano gizani kama yako safarini, kisha tunayatoa na kutazama. Tunauliza maswali mawili. Je, dawa imeua vilivyomo? Na baada ya kuua, je, imeisha nguvu, au maji yakimwagwa yataendelea kuua samaki wa huko nje? Kwa hilo la pili tunafuga visamaki vidogo mno, tunaviweka kwenye yale maji na kuvitazama siku kadhaa. Vikifa, mtambo umeanguka hata kama ulisafisha vizuri. Sumu lazima ijue pa kukoma. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda, na nilikuwa mzuri. Huo kiburi unaousema, huo ninao, sikatai.

Kuhesabu vilivyo hai ndiyo kazi ya macho na mgongo. Unakaa kwenye hadubini na sindano nyembamba. Kinachotembea unakihesabu. Kisichotembea unakigusa na ile sindano, polepole, na kikitikisa hata mguu mmoja, ki hai. Najua unacheka. Mtu mzima na digrii yake, anachokoza wadudu aone kama wamekufa kweli. Kwenye maji yote ya tanki moja la kupimia wanatakiwa wasifike kumi walio hai. Wakifika kumi, mtambo umeshindwa.

Na kuna sheria ya saa. Ukishachuja maji, wale wadudu wote wanabanana kwenye chupa moja ndogo, hawana hewa, hawana chakula. Baada ya saa sita wanaanza kufa wenyewe, na ukiwahesabu wakati huo utausifu mtambo kwa kazi ambayo haukuifanya. Kwa hiyo kwenye fomu unaandika saa uliyochota na saa uliyoanza kuhesabu, unatia herufi za jina lako, na kwa kawaida aliyechota ndiye anayehesabu. Hakuna kuachiana chupa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwakaripia wengine kuhusu hilo.

Sasa fika mwezi wa kwanza. Kulikuwa na mtambo wa kampuni moja kubwa uliokuwa umefaulu mara nne mfululizo. Ukifaulu ya tano unapata cheti, na jaribio la tano nililichota mimi, saa tatu asubuhi. Nikaandika saa kwenye chupa, nikaiweka kwenye barafu, nikaenda kunywa chai. Kwenye chumba cha chai kuna televisheni ambayo huwa haina mtu wa kuitazama. Siku hiyo niliinua macho nikaona Nakuru.

Sikuambiwa ni Nakuru. Niliona ile barabara ya kuingia Kaptembwo, na ukuta wenye tangazo la rangi ya nyumba ambao nimepita mbele yake maisha yangu yote, na moshi nyuma yake. Vijana walikuwa wanakimbia na vitu mikononi. Msomaji habari alitamka jina la mji vibaya, akahamia habari za mpira.

Unajua nilichofanya kwa sababu simu yako ndiyo niliyoisumbua. Nilisimama koridoni nikapiga ya mama. Mteja hapatikani. Nikapiga yako, haingii. Nikarudia ya mama. Baadaye tuliambiwa simu yake ilikuwa kwa kinyozi inachajiwa, na kinyozi alifunga duka akakimbia na simu za mtaa mzima zikiwa ndani. Lakini mimi sikujua hilo. Nilijua tu kwamba mama, aliyezaa sisi wawili na mume wa kabila lingine, aliyekaa Rhonda miaka thelathini na kuzika mume hapo, alikuwa ameshaambiwa wiki mbili kabla, katika fujo hizi za uchaguzi, kuwa yeye ni mgeni na wageni warudi kwao. Kwao wapi? Hata yeye aliuliza. Huku nalipwa kuua wageni wa majini, Penina, na huko mtaa mzima ukaamua mama yangu ni mmoja wao. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na halijanipa faida yoyote.

Mwenzangu wa kazi, Anneke, alinifuata koridoni. Aliona uso wangu. Akaniuliza, "Nikuhesabie?" Nikamwambia hapana, nakuja sasa hivi. Chupa ni yangu. Ningesema ndiyo, mambo haya yote yasingekuwepo. Lakini sikutaka mtu aguse chupa yangu, na sikutaka kuiacha simu, na kila nilipobonyeza nambari nilijiambia ni hii moja tu ya mwisho. Sitasema nilisahau. Nilijua kabisa saa zinakwenda.

Ulishika simu saa kumi na nusu, saa za huku. Ukasema, "Mama ametoka, ako kwa uwanja wa showground na wengine waliokimbia, ako na blanketi, wacha kulia." Nikalia hata hivyo. Nikanawa uso, nikaenda kuhesabu. Ilikuwa saa kumi na moja. Zilikuwa zimepita saa nane nzima tangu nichote. Nilihesabu kwa uangalifu wote nilionao, nikamgusa kila mmoja na sindano. Waliokuwa hai walikuwa wanne.

Wanne ni kufaulu. Lakini sikujua kama hao wengine waliuawa na dawa au walikufa kwa kungoja. Hakuna njia ya kujua, wakishakufa wote wanafanana. Nikaandika wanne. Kwenye nafasi ya saa nikaandika saa kumi na moja, kwa sababu ndiyo saa iliyokuwa. Nikaenda nyumbani.

Asubuhi mkuu wa kituo akaniita. Si mtu mbaya, na hilo nalo linaniudhi, ningependa awe mbaya. Alikuwa na karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa fomu yangu. Ya pili ilikuwa ile niliyokuwa nimemwomba tangu Krismasi, ya kusema mkataba wangu unaongezwa mwaka mmoja. Unajua kwa nini niliihitaji. Huku huwezi kualika mzazi hata kwa miezi mitatu kama mkataba wako haujabakiza mwaka mzima. Bila hiyo karatasi mama hapandi ndege. Nilikuwa nimeshamtafutia godoro, dada. Nilikuwa nimeshamwonyesha mwenye nyumba picha yake.

Mkuu hakuzitaja zile karatasi pamoja. Alisema mtambo ni mzuri, kila mtu anajua ni mzuri, umefaulu mara nne. Alisema tukilitupa jaribio hili itabidi turudie, wenye mtambo watakasirika, wanaweza kwenda kituo kingine. Kisha akasogeza fomu upande wangu na kalamu juu yake. "Labda ulikosea saa," akasema. "Labda ilikuwa saa nane." Yaani saa tano tu tangu nichote. Yeye mwenyewe hakugusa ile kalamu. Herufi ni zangu. Akanipa siku mbili.

Siku ya kwanza nilikupigia, na hiyo siku hukukata. Nakumbuka kila neno. Ulisema, "Beki, hebu ngoja. Wanataka ubadilishe namba moja?"

"Namba moja tu, eeh. Niandike saa nane badala ya saa kumi na moja."

"Na mama anakuja?"

"Anakuja."

"Sasa shida iko wapi? Andika! Nani amewahi kuulizwa wadudu wa meli? Hapa watu wanaandika watu waliokufa wakapiga kura, na wewe unaogopa saa?"

Nilicheka, na wewe ukacheka, na nilipoweka simu chini nilikuwa nimeamua kuandika. Nataka ujue hivyo. Nililala nimeamua.

Kesho yake nikakaa na ile fomu. Nikaishika kalamu. Nitakwambia kilichotokea, na usiniletee mambo ya utakatifu, wala usidhani nilikumbuka Biblia. Nilijaribu kuandika saa nane, mkono ukakataa, na nilijua kwa nini. Saa nane nilikuwa koridoni nikimtafuta mama. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nambari yake haipatikani, na nilikuwa nimeanza kufikiria nani atamvalisha kwa mazishi. Ile ndiyo saa mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Halafu niandike na herufi zangu kwamba saa hiyo nilikuwa nimekaa vizuri kwenye kiti nikichokoza wadudu? Sikuweza kuifuta. Ni ujinga, najua. Nimejaribu kumweleza Anneke akanishika bega tu. Najua wewe pia utasema ni ujinga. Lakini ndiyo sababu, sina nyingine ya kukupa.

Nikairudisha fomu ilivyo. Mkuu akaisoma. Akasema "sawa." Akaiweka kwenye faili. Ile karatasi ya pili akairudisha kwenye droo bila haraka, kama mtu anayepanga meza. Baada ya wiki nikapata barua kwamba mkataba wangu utafika mwisho wake kama ulivyoandikwa, mwisho wa mwezi huu, na wananishukuru. Hawakunifukuza. Watu wa huku hawafukuzi mtu, wanasubiri tarehe ifike.

Na jaribio likarudiwa. Hapa ndipo ulipokatia simu, kwa hiyo wacha nimalizie. Walijaza matangi upya, maji yakakaa siku zake tano, Anneke akachota, akahesabu ndani ya saa moja. Waliokuwa hai walikuwa watatu. Visamaki vyangu vikawekwa kwenye yale maji vikaogelea vizuri, hakikufa hata kimoja. Mtambo ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Umepata cheti chake. Wenye kampuni walileta keki, nami nikala kipande, kilikuwa na malai nyingi.

Kwa hiyo ulivyosema ni kweli. Kama ningeandika saa nane, hakuna bahari ambayo ingeharibika, hakuna samaki ambaye angekufa, na mama angekuwa anakuja mwezi ujao na sweta yake. Ukweli wangu haukumsaidia mtu yeyote, hata mdudu. Kuna siku najuta na kuna siku sijuti. Leo nimeamka nikijuta, na tangu asubuhi haijabadilika.

Lakini nami nina neno, na leo utalisikia. Umeniambia nimemwacha mama kwenye hema. Penina, nyuma ya hoteli yako kuna stoo ya viazi. Ina mlango, ina dirisha, ina mabati yasiyovuja. Nimelala humo mimi mwenyewe likizo zote za sekondari. Kutoka showground mpaka Salgaa si kuvuka bahari. Barabara ilipofunguliwa nilingoja useme umemchukua. Wiki ikapita. Nikakuuliza, ukasema mashemeji zako wamesema mama akikanyaga hapo hoteli itachomwa na nyinyi ndani. Ukasema Wilson ameshindwa kuwajibu. Nikasema naelewa. Sikuelewa. Niliamua kunyamaza kwa sababu nilikuwa nategemea ile karatasi yangu, nikajiambia sitahitaji kukuuliza tena.

Wewe pia ulikuwa unategemea ile karatasi yangu. Ndiyo maana ulikasirika vile. Ningeandika saa nane, mimi ningekuwa mtoto mzuri na wewe usingelazimika kugombana na mume wako. Tungemweka mama kwenye ndege na sote tungelala. Sasa nimeiharibu, na lile swali la stoo limerudi mlangoni kwako. Sikulaumu kwa kuogopa moto, moto niliuona kwa macho kwenye televisheni. Nina watoto wako moyoni kama wangu. Ninachokulaumu ni kunipa mimi mzigo wote halafu kunikatia simu nilipoudondosha. Tuko wawili. Mama hana mwingine.

Nasikia wakubwa wa siasa wameshikana mikono, nimewaona wakitabasamu na kalamu zao. Watu huku walinipongeza kazini kana kwamba nimefunga bao. "Kwenu kumetulia sasa," wakaniambia. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Kwamba nyumba yetu ina mtu mwingine, na amebadilisha kufuli, na anasema aliikuta tupu?

Nisalimie watoto, hasa yule mkubwa wako anayetaka kuwa rubani, mwambie asome hesabu lakini asijishughulishe sana na saa. Nisalimie shemeji Wilson, hata kama amenyamaza, namsalimu na unyamavu wake. Mzee wa kanisa anayemwazima mama simu kule showground, huyo mpe salamu zangu kwa mikono miwili, ndiye mwanaume pekee katika mambo haya ambaye amefanya kitu bila kuombwa. Na ukipita Rhonda, msalimie jirani yetu Mama Kevo, aliyekichukua kitanda cha mama "kukitunza." Mwambie mguu wa kushoto ni mfupi, huwa tunawekea kipande cha kigae, asije akaanguka akatulaumu.

Nilikuwa nimeshafika hapo siku ya Jumamosi, nimebakiza kutia jina langu tu. Bahasha sikuifunga kwa sababu ya lile ulilosema mwisho kabisa, "Mama utamwambia mwenyewe." Nilikuwa nimepanga kukuomba umwambie wewe. Nilikuwa nimeshaandika hata maneno, kwamba wewe una njia ya kumtuliza, mimi naharibu. Nikaisoma ile sehemu nikaona aibu, nikaichana. Jana, Jumapili, nikampigia mwenyewe kwa simu ya mzee wa kanisa, baada ya ibada yao ya asubuhi.

Alifurahi. Alianza kuongea kabla sijasema chochote. "Beki mwanangu, hujambo? Nimepiga ile picha ya pasipoti. Imetoka mbaya, nimekaa kama mwizi. Huko mtu anavaa soksi ngapi?" Wanawake wa kanisa wamemtafutia koti, dada. La kijani. Alinieleza vifungo vyake, vikubwa, kimoja kimelegea lakini atakishona. Nikamwacha aongee mpaka akamaliza vifungo vyote.

Kisha nikamwambia. Nilimweleza chupa, saa, fomu, karatasi mbili mezani. Nilimweleza kwamba mtambo ulifaulu hata hivyo. Nilimwambia hatakuja. Sikujua kama alielewa mambo ya wadudu, lakini alielewa hatakuja. Nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake, na mtu akigonga sufuria.

Akauliza, "Hiyo saa. Kama ungeandika ile ingine, nani angejua?"

Nikasema, "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama."

"Basi ungeandika," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema chumvi imezidi. Halafu akasema, "Sawa. Wacha niende, wanaita majina ya unga," akampa mzee wa kanisa simu yake.

Nitafika mwanzoni mwa mwezi wa nne. Siku yenyewe nitakutumia ujumbe. Nitakwenda kwanza showground, nitakaa na mama humo humo hemani kama wataniruhusu, halafu nitakuja Salgaa na yeye, mchana, watu wote wakiona, na tutasimama mbele ya hoteli yako. Zungumza na mume wako kabla ya hapo. Sitakuja kuomba na sitakuja kugombana. Utafungua ile stoo, au utaniambia mbele ya mama kwamba haifunguki.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukasirikia,

Beki